Mzuka maarufu wa Coronado alikuwa hausigeli

Mwaka wangu wa kwanza San Diego, Marekani, nilikuwa naogopa korido kuliko kitu chochote. Mnaofanya kazi za usafi mahotelini mnanielewa. Ile saa nne asubuhi wageni wengi washatoka, kapeti limemeza sauti zote mpaka hatua zako mwenyewe huzisikii, taa zinawaka moja moja unavyosogea afu zinazima nyuma yako, na wewe uko peke yako na mkokoteni wa mashuka, vyumba kumi na nne vinakusubiri. Ukigonga mlango, "hausikiping", kimya. Unagonga tena, kimya. Unaweka kadi, taa inakuwa kijani, na kile kisekunde kabla mlango haujafunguka wote ndo nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja wa Kongo, Mama Bukavu tunamwita, kashakaa hapa miaka mingi kuliko mimi. Tunaishi mtaa mmoja City Heights, ukitembea dakika kumi utasikia Kiswahili cha aina tatu nne, cha kwetu, cha Wakongo, cha Wasomali Wabantu, na mwanzoni mimi na yeye tulikuwa tunapotezana njiani ila tukazoeana. Sasa siku ya pili tu ya kazi, tunatandika kitanda, yeye upande ule mi upande huu, akaniambia, "Dada, ng'ambo ya ile daraja iko hoteli ya mbao, mama moja alikufaka mule zamani na mpaka leo anatembea-tembea. Na bazungu banalipa franga mingi juu ya kulala mu chumba yake!" Akacheka mpaka foronya ikamdondoka.

Mi sikucheka. Nimezaliwa Tanga, jamani. Kwetu ukisikia nyumba ina jini kodi inashuka, mpangaji anahama usiku, mwenye nyumba anaita mashehe wasome kisomo na wafukize ubani kila kona. Mapango ya Amboni watu wanaingia na kuacha vitu vyao mle wakiomba shida zao, mzimu una adabu zake huendi kuuchungulia kwa kushangaa. Kwa hiyo nikaona hawa watu vipi, kitu ambacho sisi tunalipa kitoke wao wanalipa wakipate! Na bei haishuki, inapanda. Nimeshaangalia bei, usiku mmoja tu pale unakula mshahara wangu wa siku kadhaa na bado hujanywa hata maji.

Hoteli yenyewe inaitwa Hotel del Coronado, wenyeji wanasema "the Del". Ukitoka San Diego mjini unapanda lile daraja la bluu linalojikunja juu ya ghuba, lilifunguliwa 1969, kabla ya hapo watu walikuwa wanavuka kwa kivuko, yaani kama Kigamboni ya zamani. Ukishuka upande wa pili, Coronado yenyewe, unaiona kwa mbali, mapaa mekundu, kuta nyeupe, mnara mmoja wa duara mkubwa kama kofia. Ni ya mbao karibu yote. Walianza kuijenga Machi 1887 na Februari 1888 ikafunguliwa, mwaka haujaisha! Wenye wazo walikuwa wafanyabiashara wawili, Elisha Babcock na Hampton Story, na waliochora ramani ya jengo ni ndugu wawili akina Reid, na katika waliopiga nyundo walikuwepo Wachina wengi walioletwa toka San Francisco. Ilikuwa na taa za umeme wakati mahoteli mengi bado yanahangaika na taa za gesi. Watu wanasimulia mpaka leo kwamba Thomas Edison alikuja kuzifunga kwa mikono yake, sio kweli, lakini inasimuliwa tu, na hapo ndo nilianza kuona kwamba jengo likiwa zuri sana na la zamani sana watu hawaliachi hivi hivi bila kulivisha hadithi. Marais wamelala pale, Marilyn Monroe alikuja kuigiza pale 1958. Ila ukimuuliza mtu yeyote wa San Diego kuhusu Del, sentensi ya pili au ya tatu anakutajia Kate Morgan.

Basi kisa kama kinavyosimuliwa. Tarehe 24 Novemba 1892, ilikuwa Alhamisi, sikukuu yao ya Thanksgiving ambayo kila mtu anakuwa na ndugu zake, akaingia mwanamke kijana peke yake. Amevaa vizuri, mrembo, hana mizigo ya maana. Kwenye kitabu cha wageni akaandika Bi Lottie A. Bernard, wa Detroit. Akasema anamsubiri kaka yake ambaye ni daktari, na risiti za mizigo ya treni anazo huyo kaka. Siku zikaenda, kaka hatokei. Huyu dada anaonekana anaumwa, rangi imepotea, anatembea kwa shida. Siku ya Jumatatu akavuka kivuko kwenda mjini, akanunua bastola. Usiku ule kulikuwa na dhoruba baharini. Asubuhi ya tarehe 29 fundi umeme wa hoteli akamkuta amefariki kwenye ngazi za nje zinazoshuka ufukweni. Baraza la uchunguzi likakaa, likasema kajiua mwenyewe.

Sasa hapo ndo magazeti yakapagawa. Detroit hakuna Lottie Bernard anayefanana na huyu. Kaka daktari hayupo. Wakamwita "mgeni mrembo", wakawa wanaandika kila siku, kwanza wakadhani ni binti mmoja wa Detroit aliyepotea kwao, baadae ikaja kujulikana kwamba jina lake ni Kate Morgan, mtu wa Iowa, ana mume ambaye walikuwa wametengana. Wengine wanaongeza kwamba mume alikuwa mcheza kamari wa kwenye matreni na yeye alikuwa anamsaidia kutapeli watu, wengine wanasema alikuwa mjamzito, miaka mia moja hivi baadae akaja mwanasheria akang'ang'ana kwamba hakujiua bali aliuawa, akawa anahesabu habari za risasi. Kila mtu ana Kate wake.

Chumba alicholala leo ni namba 3327, ghorofa ya tatu. Wanasema taa zinacheza, televisheni inajiwasha, upepo wa baridi unapita dirisha limefungwa, hatua za mtu zinasikika hakuna mtu, vitu vinahama mahali. Watu wanakiwekea oda mapema kabisa, wanakuja na vimashine vya kupima sijui nini, wengine wapo honeymuni, mi hapo ndo nachoka kabisa, yaani usiku wa harusi yako unamwalika marehemu.

Nilivyokuwa nasikiliza hizi habari miaka ile ya mwanzo nilikuwa namuona Kate kama wanavyomchora wao, tajiri fulani wa kizungu mwenye gauni refu jeusi, moyo umevunjika, anatembea kwenye varanda na leso mkononi. Mtu wa daraja lile. Mzuka wa kiwango cha hoteli.

Aliyenitoa huko ni mwanangu. Alikuwa darasa la nane, shuleni wakapewa kazi ya kuandika habari ya kihistoria ya karibu na wanapoishi na yeye bila kujiuliza akachagua mzuka. (Mtoto amekulia huku, neno mzuka kwake ni lile la kwenye Bongo Fleva, kupandwa na mzuka, raha. Nilivyomwambia mzuka ni mtu aliyekufa akaniambia mama, mbona kwenye nyimbo wanafurahi.) Tukawa jikoni napika, yeye anasoma kwenye kompyuta kwa sauti ananitafsiria, mara akasimama. Akasema, mama, hakuwa tajiri. Alikuwa meidi. Kabla hajaja hapa alikuwa anafanya kazi za ndani kwa familia moja Los Angeles. Sanduku lake kubwa aliliacha huko kwa mabosi wake na ndo lilisaidia kumjua ni nani. Na kule alikuwa anatumia jina lingine, Katie Logan. Afu akanigeukia, bila ubaya kabisa, akasema, "Kama wewe."

Nilizima jiko. Sijui kwa nini nilizima, mboga zilikuwa hazijaiva.

Niwaambie kitu ambacho huwa siwaambii watu. Mi nilikuja Dar na miaka kumi na nne, nikaletwa na shangazi kufanya kazi kwa familia moja yenye uwezo wao, sitawataja na wala sina haja. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba akaniuliza unaitwa nani, nikamwambia, akanyamaza, kumbe ni jina lake pia. Akasema hapana haiwezekani, itachanganya watoto. Hapo hapo akaamua, wewe utakuwa Asha. Basi nikawa Asha miaka mitatu. Watoto Asha, mlinzi Asha, muuza samaki anayepita getini Asha. Shangazi akija kunitembelea akiniita jina langu watoto wanacheka, wanaona kama kakosea. Na sio kwamba walikuwa watu wabaya sana, nilikula, nilivaa, ila nilikuwa nalala chumba cha stoo na mtu anaitwa Asha ambaye mimi simjui.

Na Jumapili moja, hii ndo yenyewe, walisafiri wote kwenda harusini Morogoro nikabaki mwenyewe. Nilioga bafu lao. Nikavaa dera la mama, nikakaa sebuleni kwenye kochi la kukatazwa, nikawasha feni, nikajimiminia juisi kwenye glasi za wageni. Simu ya mezani ikaita, nikapokea, mtu akaniuliza naongea na mama mwenye nyumba? Nikasema ndio. Na wala sikudanganya sana, jina si ndo hilo hilo. Mtu akaniamkia shikamoo, mtu mzima kabisa, na mi nikaitika marahaba. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Sijawahi kusahau ile marahaba.

Sa we nifikirie nimesimama pale jikoni City Heights, mtoto ananiambia yule mwanamke alitoka nyumba ya watu Los Angeles, akavaa nguo yake nzuri, akapanda treni akaenda kwenye hoteli kubwa kuliko zote za pwani ile, akaandika kitabuni jina zuri lenye "Bi" mbele yake. Watu wote wanauliza alikuwa anamsubiri nani, nani alimuua, kaka ni nani. Mi swali langu likawa lingine kabisa, nikawa nataka kujua kama hata siku moja kati ya zile tano alikaa kwenye kiti cha varanda akaletewa kitu na akasema asante kama mwenye hoteli. Nilijikuta naombea iwe hivyo. Alikuwa anaumwa, alikuwa na shida zake najua, lakini walau asubuhi moja.

Mwanangu akapata alama nzuri kwenye ile kazi. Mi nikaanza kumsoma Kate taratibu kwa Kiingereza changu cha kukwaruza, kwenye simu, saa za mapumziko. Na kadri nilivyosoma nikaona kitu ambacho kwenye hadithi za mzuka hakisemwi kabisa. Wafanyakazi walimwona. Yaani ukisoma waliyosema mbele ya baraza la uchunguzi, walioongea ni karani wa mapokezi, vijana wa kubeba mizigo, fundi, watu wa kazi. Karani alipoona hali yake akaenda mpaka chumbani kumuuliza anaendeleaje na moto uwashwe na pesa vipi, Kate akamtajia mtu wa Hamburg, Iowa, wakampelekea huyo mtu simu ya maandishi. Vijana walikuwa wanaitwa chumbani kupeleka vinywaji. Wageni wenzake matajiri, sikuona popote wanasema walimuuliza jina. Mi hilo halinishangazi hata kidogo. Mgeni mwenzako hajui kama umekula, mtu wa usafi anajua. Anajua umelala upande gani wa kitanda, anajua umelia maana karatasi laini zote zimeisha, anajua dawa unazoacha mezani, anajua una nguo mbili tu na unazifua kwenye sinki usiku.

Ngoja nirudi kwenye mambo ya kutisha maana najua ndo yaliyowaleta.

Mimi miaka yote hii sijaona mzuka hotelini. Nimeona mengine. Kule kugonga ukutani saa tisa usiku ambako wageni wanapiga simu mapokezi ni mabomba, maji ya moto yakipita kwenye bomba lililopoa chuma kinajinyoosha, ko ko ko. Televisheni kujiwasha ni rimoti iko chini ya mto umeilalia. Ubaridi wa ghafla, ukiacha mlango wa balkoni wazi kidogo mashine ya hewa ina kifaa inajizima, ukifunga inaamka kwa hasira. Na hilo jengo la Del ni mbao tena liko mdomoni mwa bahari, ukungu wa asubuhi unaingia mbao zinavimba, mchana jua zinakauka, usiku zinapoa, ndo unasikia kama mtu anatembea juu. Nyumba za mbao ziko hivyo, muulize yeyote aliyelala kwenye nyumba ya ghorofa ya zamani pale Mji Mkongwe, sakafu inaongea usiku kucha.

Ila nililoligundua la kuchekesha ni hili la vitu kuhama. Mgeni anatoka asubuhi kaacha mkoba kwenye kiti, anarudi jioni uko kwenye meza, viatu vimepangwa, chaja imekunjwa vizuri. Anaita mwenzie, umegusa? Hujagusa. Basi mzuka! Ndugu yangu mzuka ni mimi! Nimeingia saa tano, nimehamisha mkoba wako nipate kupiga vumbi, nimetoka. Kuna mama mmoja mgeni hotelini kwetu alimuapia meneja kwamba kuna mtu asiyeonekana alikaa kwenye kitanda chake, kuna alama kabisa kwenye shuka upande wa dirishani. Mama Bukavu alisikia akaniangalia. Mgongo ulikuwa unamuuma siku ile, alikaa dakika mbili akapumua, akasahau kunyoosha shuka. Mpaka leo tukiona alama ya makalio kitandani tunaambiana, mizimu imepita.

Tunacheka lakini mi kuna siku nililifikiria sana hili tukiwa kwenye basi la usiku. Mtu asiyeonekana anaingia chumbani kwako ukiwa hupo, anagusa vitu vyako, anajua siri zako, anatoka bila kuacha jina. Ukimsikia koridoni unashtuka, ukikutana naye uso kwa uso unaangalia pembeni. Si ndo sisi hao! Na wale Wachina waliopigilia mbao za Del, sijasikia hata mmoja wao anatokea kwenye zile korido. Kuna chumba kingine, 3519, wanasema nacho kina vituko, na hadithi yake ni ya mtumishi wa usafi wa zamani zile, wengine wanasema alipotea tu baada ya Kate kufa. Nimemtafuta jina lake, hana. Hata akiwa mzuka bado ni meidi tu. Wakati Kate amepewa jina kamili, na nina wasiwasi kama asingeandika ule uongo kitabuni, kama angeingia kwa mlango wa nyuma kama Katie kutafuta kazi ya jikoni na akafia mle mle, leo hakuna mtu angelipia chumba chake. Ule uongo ndo ulimpa nafasi. Mimi hilo linaniuma na linanichekesha kwa pamoja.

Sasa kuna kosa moja nililifanya kwa sababu ya huyu Kate, na nitalisema kama lilivyo.

Ilikuwa wiki ya Thanksgiving miaka kadhaa iliyopita, hapa kazini kwangu, hoteli ya kawaida tu siitaji. Kuna mgeni mwanamke, peke yake, kibegi kimoja kidogo. Kaweka kile kibao cha usisumbue siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Trei ya chakula nje ya mlango, mkate mzima haujaguswa. Mi moyo ukaanza. Nikamwambia supavaiza, akasema utaratibu upo, muda wa ukaguzi haujafika, mwache. Nikaenda vyumba vingine nikarudi, trei ile ile. Nikasimama pale na mkokoteni wangu nikamfikiria yule karani wa 1892. Nikagonga. Nikagonga tena. Nikamuita kwa mlangoni, madam, uko sawa?

Mlango ukafunguka kwa nguvu. Mtu mzima, nywele timtim, kompyuta nyuma yake inawaka, karatasi kitanda kizima. Hakuwa na shida yoyote. Alikuwa na kazi ya kumaliza na amelipia kimya, akaniambia hivyo hivyo, nimelipia kimya, unajua kusoma kibao? Nikaomba radhi mara tatu. Jioni nikaitwa ofisini, nikapewa karatasi ya onyo, nikasaini. Mwezi ule nilipunguziwa siku.

Niliumia, nisiseme uongo. Na kilichoniumiza zaidi sio onyo, ni kwamba nilipofika nyumbani nikajiuliza hivi ingekuwa ni yule mwingine, ningefanya nini zaidi ya kugonga? Maana Kate walimgongea. Sio mara moja. Walimuuliza unaumwa, walimuuliza kama moto uwashwe, na bado. Niliongea na Mama Bukavu akaniambia maneno ya kwao siwezi kuyasema yote ila mwishoni akasema, "Miye vile nagonga, siulize kama bako sawa. Naulizaka kama banataka chai." Nikaona huyu mama ana akili kuliko wote. Sasa hivi na mimi nafanya hivyo, chai au taulo, watu wengi wanafungua mlango kwa taulo. Mmoja alifungua afu akaanza kulia pale pale, nikakaa naye mpaka supavaiza akaja na wakampigia binti yake simu. Wengine kumi wananijibu hapana asante bila kufungua, na mi naendelea na mkokoteni wangu.

Del nilienda mara moja, kwa miguu yangu, siku ya mapumziko, na mwanangu. Ukumbi wa chini mtu yeyote anaingia tu. Mbao nyeusi za kung'aa mpaka juu, taa kubwa ya vioo, lifti ya zamani ya vyuma kama tundu la ndege na mtu wa kuiendesha ndani yake, kavaa vizuri. Mwanangu anapiga picha. Mi macho yangu yanaenda yenyewe, kona ile ina vumbi kidogo, hii kapeti imepigwa mashine leo asubuhi, kazi ya akili hiyo hailali. Kwenye duka wanauza vitu vyenye habari ya Kate. Kuna wasichana walikuwa wanasema kwa sauti, natamani tumuone, natamani tumuone. Akapita dada mmoja wa usafi, mnene kidogo kama mimi, na kapu la taulo, akasema samahani, wakampisha bila kumwangalia wakaendelea kutamani. Tukaangaliana mimi na yeye. Akanikonyeza. Naapa alinikonyeza, sijui aliona nini usoni kwangu.

Juu sikupanda. Nilitoka nje nikakaa mchangani nikatazama madirisha ya ghorofa ya tatu mpaka mtoto akachoka.

Kaburini ndo nilienda mara mbili. Mount Hope, makaburi ya serikali ya mji, wala sio mbali na tunapokaa, trolei, ile treni ya mjini, inapita ubavuni kabisa mwa makaburi. Hakuna bahari, hakuna mnara, nyasi zimekauka, mawe mengine yamelala. Hapo ndo walimzika Desemba ile ya 1892. Jiwe lake liliwekwa miaka mingi baadae, lina majina mawili, Kate Morgan na lile la Lottie Bernard alilojipa hotelini. Katie, lile la kazini, halipo. Nilifurahi halipo, kwa sababu zangu.

Mara ya pili nilikuwa na Mama Bukavu, tumetoka zetu sokoni na mifuko ya mihogo. Akauliza, sasa tunamuombea kwa jina gani? Yeye Mkatoliki mi Mwislamu, wote tukawa tumesimama pale tunafikiria. Nikamwambia muite hilo la pili, alilichagua mwenyewe. Akasema, "Lottie, lala muzuri mama," akafanya ishara ya msalaba, mi nikainua mikono yangu kimya kimya. Afu akainama akang'oa yale majani yaliyoota kwenye ukingo wa jiwe, na mi nikainama upande wa pili, tukawa tunayang'oa kama tunavyotandika kitanda, yeye upande ule mi upande huu, mpaka tukasikia trolei inapiga honi tukakimbia maana shifti yake ilikuwa saa tisa.